Kwa Nini Programu ya Kukokotoa Hujikokota

Ndugu wasikilizaji,

Mtu anayeiona programu yake ya hesabu ikijikokota usiku kucha kwa kawaida huomba kompyuta yenye nguvu zaidi. Mimi humwomba kwanza anipe hesabu tatu: kitatuzi, yaani sehemu ya programu inayolitafuta jibu hatua kwa hatua, kimepiga hatua ngapi, kimezikataa na kuzirudia ngapi kwa kuwa kosa lilizidi, na kimeiita fomula ya kasi ya mabadiliko mara ngapi. Vitatuzi vingi huziweka namba hizo. Ni sisi tusiozisoma.

Tuchukue mlinganyo mmoja mdogo. Kasi ya mabadiliko ya y ni −1000 mara tofauti kati ya y na kosaini ya t, nasi tunataka jibu kuanzia t ikiwa 0 hadi 10. Baada ya mshtuko mfupi mwanzoni, jibu ni mkondo mpole unaoifuata kosaini, ambao mtu angeweza kuuchora kwa mkono akiwa na nukta chache. Lakini mbinu ya Euler ya mbele, inayopiga hatua kwa kutegemea kasi ya pale ilipo, hulipuka, yaani majibu yake hukua bila kikomo, mara tu hatua inapozidi 2 kugawanywa kwa 1000, yaani 0.002, kwa hiyo hulazimika kupiga hatua zisizopungua 5,000. Mbinu ya Runge na Kutta ya daraja la nne, inayosifiwa sana, huusogeza mpaka huo hadi 0.0028 hivi tu, tena kila hatua yake huiita fomula mara nne, na miito huzidi 14,000. Euler ya nyuma, inayotumia kasi ya pale inapokwenda, haifungwi na mpaka huo. Ukubwa wa hatua huamuliwa na usahihi tunaoutaka. Milinganyo ya namna hii mimi huiita kaidi. Curtiss na Hirschfelder waliieleza mwaka 1952, na mfano wa Robertson wa mwaka 1966, wenye kemikali tatu na viwango vya mmenyuko vya 0.04, 10,000 na 30,000,000, ungali ukitumika kuvijaribu vitatuzi. Prosesa yenye kasi maradufu itazipiga hatua zile zile 5,000 kwa nusu ya muda, jambo ambalo si baya, ila ugonjwa utakuwa palepale.

Dawa, yaani Euler ya nyuma, nayo ina gharama yake, kwa kuwa kila hatua yake hudai mfumo mzima wa milinganyo utatuliwe, na hapo wengi hukwama mara ya pili. Ukiugawa ufito unaopitisha joto katika nukta 10,000, kila nukta hugusana na jirani zake wawili tu, hivyo matriksi, yaani jedwali la namba za mfumo huo, huwa na namba zisizo sifuri takriban 30,000. Asiyeiarifu programu jambo hilo huifanya ihifadhi namba zote milioni 100, ambazo kwa baiti 8 kila moja ni megabaiti 800, na kuichambua matriksi hiyo hudai operesheni zipatazo bilioni 670, kazi ambayo mbinu inayoshughulikia pekee mishazari mitatu yenye namba zisizo sifuri huimaliza kwa chini ya laki moja. Kitatuzi kisichojua sura ya matriksi ya Jacobi, inayoonyesha kila kasi hubadilika kiasi gani thamani ya kila nukta inapobadilika, nacho huikisia kwa kuiita fomula mara 10,000 za ziada, ilhali mara tatu zingetosha.

Hatua zilizokataliwa zikiwa nyingi, tafuteni ndani ya fomula kitu kinachobadilika ghafla, kama vile valvu inayofunguka. Isimamisheni hesabu wakati huo hasa, kisha ianzeni upya. Wala msidai tarakimu 14 za usahihi kwa data iliyopimwa kwa tarakimu tatu.

Niwakirie kosa langu. Siku moja niliziangalia hesabu zangu tatu, zote zikawa za kawaida, na programu bado ikajikokota. Nilibadilisha mbinu mara kadhaa kabla ya kugundua kwamba fomula yenyewe ilikuwa ikilifungua na kulisoma upya faili la jedwali kila inapoitwa. Nilikuwa nimehesabu miito, lakini sikuwahi kupima mwito mmoja huchukua muda gani.