Mitutu ya Pili Inapokataa Kufunguka

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo ninaanza na jambo langu mwenyewe. Nimerithi kwa babu bunduki kuukuu ya mitutu miwili ya marisau, na ndani ya sanduku lake mna jozi mbili za mitutu, fupi na ndefu. Nikifunga ile fupi, bunduki inakunjuka vizuri, lakini nikifunga ile ndefu inakuwa nzito mno, hata wiki iliyopita niliiegemeza gotini nikasukuma kwa mikono yote miwili. Mzee Salum, nianzie wapi?

SALUM: Uanze kwa kutoiegemeza gotini tena, Bi Rehema. Mbao ya kitako ni nyembamba sana pale shingoni, nyuma tu ya mtambo, yaani chuma cha katikati chenye kufuli na nyundo, na katika bunduki ya miaka mingi mbao hiyo aghalabu imekwisha kulowa mafuta na kudhoofika. Ikipasuka pale, ukarabati wake ni mgumu kuliko tatizo ulilokuwa nalo. Kisha kila mara uhakikishe kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba zote mbili, pale risasi inapokaa nyuma ya mitutu, hazina risasi, kwa sababu majaribio nitakayoyaeleza yanakutaka uifungue na kuifunga mara nyingi, na mazoea ndiyo yanayoleta ajali.

REHEMA: Nimekubali. Nimeshasikia watu wakisema kwamba bunduki ngumu kufunguka ni bunduki nzuri, kwa kuwa imebana.

SALUM: Kwa bunduki mpya iliyotoka mikononi mwa fundi hodari kauli hiyo ina ukweli, kwani vyuma havijazoeana. Iliyotumika miaka mia moja ilipaswa kulainika zamani, kwa hiyo ugumu wake una sababu inayoweza kutafutwa. Na wewe una bahati ambayo mwenye mitutu ya jozi moja hana: jozi ya pili ni kipimo. Ugumu ukijitokeza kwa jozi zote, tunautafuta ndani ya mtambo. Ukijitokeza kwa jozi moja tu, kama ulivyosema, mtambo karibu tumekwisha kuuondolea lawama, tunabaki na mitutu ile pamoja na kishikio chake cha mbele.

REHEMA: Kishikio cha mbele? Kile cha mbao kinachokaa chini ya mitutu? Mimi ninatumia kimoja kwa jozi zote mbili. Cha pili kimo sandukuni, lakini niliona vinafanana.

SALUM: Hapo ndipo ningeanzia. Chukua mfano wa mtambo wa Anson na Deeley, uliopewa hataza mwaka 1875 katika kiwanda cha Westley Richards cha Birmingham, na ulioigwa baadaye karibu kila mahali bunduki za namna hii zinapotengenezwa. Ndani yake mna nyenzo mbili ambazo ncha zake zinajitokeza mbele na kuingia katika chuma cha kishikio. Mitutu inapoinama, chuma hicho kinazikandamiza ncha hizo, nazo zinainua nyundo zilizofichwa ndani hadi zinase. Kwa hiyo unapofungua bunduki hufungui bawaba tu, bali unabana springi mbili zenye nguvu, na kishikio ndicho kinachobeba kazi hiyo. Kisipolingana na mitutu yake, hata kwa unene wa karatasi, kinasuguana na duara la mbele la mtambo, ule mviringo ambao kishikio huuzunguka, tangu mwanzo wa safari ya kufunguka hadi mwisho.

REHEMA: Nitajuaje kipi ni cha jozi ipi?

SALUM: Tazama chuma cha ndani ya kishikio na upande wa chini wa mitutu. Bunduki iliyouzwa na jozi mbili tangu awali kwa kawaida ina namba ileile ya mtambo kwenye mitutu yote, na tarakimu 1 au 2 inayoonyesha jozi, na kishikio nacho hubeba alama hiyo. Ukikuta namba tofauti, jozi ile huenda iliongezwa baadaye, na ubora wa kazi hiyo ulitegemea mkono wa aliyeiweka. Kama bunduki yako ina mitambo ya kurusha maganda, jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mara nyingi nyundo zake ndogo na springi zake zimo ndani ya kishikio na zimepangiwa wakati kwa jozi yake tu.

REHEMA: Na ikiwa nimeweka kishikio sahihi na ugumu bado upo?

SALUM: Hapo sikiliza ugumu unatokea sehemu gani ya safari. Ugumu ukiwa kwenye wenzo wa juu, ule unaosukumwa kwa kidole gumba ili kufungua, kabla mitutu haijasogea, tatizo ni la kufuli. Ukiwa katikati ya safari, ni nyundo zinazoinuliwa, na zitakuwa nzito zaidi ukiwa umefyatua pande zote mbili. Ukiwa mwanzoni kabisa, na baada tu ya kupiga risasi, shuku ncha za nyundo zilizozama katika fataki, kile kiwashio cha nyuma ya risasi, na kugoma kutoka, au ganda lililovimba ndani ya chemba. Hili la ganda naomba ulichukue kwa uzito. Chemba nyingi za kaliba 12 za Uingereza za zamani zina urefu wa inchi 2½, na risasi nyingi za leo ni za inchi 2¾; ganda refu likifunguka mdomo wake ndani ya chemba fupi, shinikizo hupanda. Tena jozi zako mbili zinaweza kuwa na chemba za urefu tofauti. Zipimwe zote mbili, na alama za majaribio, zile zilizogongwa kwenye mitutu ilipojaribiwa nguvu, zisomwe, kabla hujapiga risasi nyingine.

REHEMA: Mimi inakuwa nzito hata bila risasi.

SALUM: Basi jaribu hili. Fungua bunduki ili nyundo zinase, uifunge, ndipo uondoe kishikio; ukikiondoa nyundo zikiwa chini, kukirudisha kutakuwa taabu. Sasa shika mitutu kwa mkono, sukuma wenzo wa juu, uiinamishe taratibu bila kuiachia, kwa kuwa hakuna kinachoizuia kuchomoka. Ikitembea kwa wepesi, kosa liko kwenye kishikio. Ikiwa bado inabana, kosa liko kwenye ndoano ya chini ya mitutu, ile inayozunguka pini ya bawaba, au kwenye ubavu wa vyuma vinavyoingia ndani ya mtambo.

REHEMA: Na hapo ninaweza kusugua kidogo kwa msasa?

SALUM: Hapana, tafadhali. Futa mafuta ya zamani, kwa maana yakikauka huwa kama gundi, kisha paka grisi kidogo kwenye ndoano, kwenye pini na kwenye duara la mbele. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha. Isipotosha, fundi atapaka masizi mepesi kwenye vyuma, afunge, afungue, na pale masizi yalipofutika ndipo panapogusana, naye ataondoa chuma hapo tu, kidogo sana. Ndoano ikiliwa kupita kiasi, mitutu itaacha pengo mbele ya uso wa mtambo, na bunduki iliyokuwa ngumu itakuwa ya hatari.

REHEMA: Ninalo sanduku hapa mezani. Kishikio ninachokitumia... kina tarakimu 1. Na mitutu mirefu ina 2.

SALUM: Toa kile kingine, ukifute vizuri, ukipake grisi, ukifunge sasa hivi tusikie.