Vivuli vya Maalim: mhadhara wa kumkumbuka mwalimu wa sayansi, Chake Chake

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa chini hapa mbele kwa sababu viti havikutosha.

Maalim mnamjua. Sina haja ya kueleza alizaliwa wapi na alisomesha skuli ngapi. Tuliosoma kwake tumejaa humu ukumbini, na dua tumeshamwombea. Mimi nimekuja na neno moja, na baadhi yenu mmelisikia kwangu mpaka mmelichoka. Tangu siku ya msiba watu wananiambia: "Maalim alipostaafu aliacha sayansi, akajipumzisha na rangi zake." Hakuacha! Naomba tusimzike mara ya pili kwa maneno hayo.

Chukueni ile picha ya soko aliyoichora. Wengi mmeiona barazani kwake: mabanda, mapakacha ya maembe, nguzo, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, jua kali kila pahali. Siku alipoitundika, jirani yake alisimama akaitazama, akasema: "Nzuri, Maalim, lakini umesahau vivuli." Maalim akamwonesha kona ya chini. Pameandikwa: 7 Oktoba, saa sita na dakika tisa. Jirani akauliza ina maana gani. Maalim akamwambia, "Mwaka ukizunguka, njoo siku hiyo na saa hiyo, tusimame pamoja uwanjani."

Sisi Pemba tuko nyuzi tano na kidogo kusini mwa ikweta. Jua likishuka kusini baada ya Septemba linatupita utosini, na likirudi kaskazini mwezi wa Machi linatupita tena. Siku hizo, jua likisimama juu kabisa, nguzo haina pa kuweka kivuli chake. Na dakika tisa je? Saa zetu zimefungwa kwenye mstari wa nyuzi 45, ambao uko mbali mashariki yetu, kwa hiyo jua la Chake linachelewa dakika 21 nyuma ya saa ya ukutani. Lakini mwanzoni mwa Oktoba, kwa mwendo wa dunia na mlalo wake, jua linatangulia kiasi cha dakika 12. Toeni 12 katika 21. Itazameni tena picha ile, mtaona chini ya kila pakacha pana weusi, upana wa pakacha lenyewe. Vivuli vyote vimo, kila kimoja kimejificha chini ya mwenyewe. Mtu aliyeacha sayansi hachori hivyo.

Najua yuko anayejiuliza moyoni: mtu mzima, mtu wa msikitini, na mapicha? Maalim alilichukulia swali hilo kwa uzito. Hakuchora uso wa mtu. Sokoni mle hamna mtu hata mmoja. Hukumu yake tuwaachie wanavyuoni, mimi si mmoja wao. Lakini kivuli, nani amekipima kuliko wazee wetu? Adhuhuri inaingia jua likipinduka, kivuli kikianza kurefuka. Alasiri inaingia kivuli cha kijiti kikilingana na urefu wa kijiti, ukiongeza kile kilichokuwapo adhuhuri. Siku ile ya Oktoba hakuna cha kuongeza. Maalim aliniambia kwamba kutazama kivuli alifundishwa chuoni, kwa mwalimu wake wa Kurani, kabla hajaingia skuli.

Na mkono unaochora hulisaidia jicho la sayansi. Mwaka 1609 watu wawili waliutazama mwezi kwa darubini. Wa kwanza ni Thomas Harriot, Mwingereza, mwanahesabu hodari. Mwezi wa Julai alichora alichokiona: mstari wa mpaka wa mwanga na giza, wenye kingo zilizochongoka, na madoa. Miezi michache baadaye Galileo, mwanasayansi wa kule Italia, akatazama mwezi ule ule, akaona milima na mashimo. Galileo alijua kuchora. Jicho lake lilizoea namna mwanga unavyopiga upande mmoja wa kitu na kuuacha mwingine gizani, akatambua kwamba madoa yale ni vivuli. Harriot naye, baada ya kitabu cha Galileo kutoka mwaka 1610, akaanza kuyachora mashimo.

Sasa nije kwenye karafuu, maana hapa ndipo roho yangu ilipo.

Darasa letu lote tulikuwa watoto wa karafuu. Msimu kwa msimu tulipanda mikarafuu, usiku tukichambua, makonyo huku, karafuu huku, mpaka vidole vinawaka. Siku moja Maalim akaingia na pakacha la karafuu mbichi, amelifunika. Akasema, "Chora karafuu." Bila ya kuitazama, dakika kumi. Kichwa cha karafuu kina meno yanayokishika. Wengine tukachora meno matano, wengine sita. Mmoja alichora kitu kama msumari. Hapo ndipo alipofunua pakacha, akatugawia. "Haya, hesabuni."

Manne. Na kile kichwa ni majani manne ya ua, yamejifunika.

Yule mwenzetu ambaye baba yake alikuwa na mikarafuu mingi kutushinda sote alikataa. Akapekua karafuu thelathini kutafuta yenye meno matano. Maalim alimwacha atafute mpaka kengele ikalia, na sijapata kumwona amefurahi vile darasani. Halafu tukachora tena, wiki nne mfululizo, karafuu ile ile: nzima, iliyopasuliwa kwa wembe, iliyolala juani kwenye jamvi siku moja, iliyokauka ikawa nyeusi. Kila wiki tuliona kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo, na kilikuwapo.

Leo nikiingia darasani naona mtoto ananakili mchoro wa ua kutoka kitabuni, ua ambalo hapa halioti, na nje ya dirisha mkarafuu umesimama. Mchoro safi, alama kamili, macho hayakufanya kazi yoyote. Hili linanikera, na nitalisema mpaka sauti ikatike! Mtaniambia darasa lina watoto wengi, mtihani haungoji, lenzi hakuna. Karafuu haitaki lenzi. Meno manne yanaonekana kwa jicho tupu, na karafuu moja moja kwa kila mtoto haifiki hata kilo.

Naona mshehereshaji ananiashiria. Basi niharakishe.

Rangi zake. Ile nyekundu ni udongo wetu, na wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Aliutwanga, akauchekecha, akaukoroga kwa mafuta ya nazi. Miezi ikapita, picha bado inanata. Hakuitupa. Aliandika nyuma ya ubao kwamba mafuta ya kitani, wanayotumia wachoraji, hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani mpaka yakawa ngozi ngumu, na ya nazi hayana nafasi ya kuishika. Ubao huo upo. Upelekwe darasa la kemia, hivyo hivyo unavyonata.

Na anayesema picha ni mambo ya watalii wa Mji Mkongwe, ajue kwamba Edward Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam, alianza kwa rangi za dukani na mbao za dari. Hilo nitalizungumza siku nyingine. La popo wetu wa Pemba pia nilikuwa nalo, alivyowachora mmoja mmoja wakiwa wamening'inia. Muda hautoshi.

Lakini hili haliwezi kungoja: picha ziko kwenye ukuta unaotoa unyevu, na kuvu limeshaanza kushika pembe za vitambaa vya merikani. Wanawe wamekubali kuzitoa. Natafuta chumba kikavu chenye hewa, kabla ya mvua za vuli. Mwenye nacho anione nje.

Vijana, kesho ni tarehe saba. Saa sita kasoro robo muwe uwanjani hapa. Kila mmoja aje na kijiti kilichonyooka, uzi wenye jiwe la kukisimamishia wima, karatasi na penseli. Kalamu za wino muziache nyumbani. Yule jirani yake Maalim atakuwapo, ameshaniahidi.