Pembe Nane za Mchemraba

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, karibuni.

Vipande hivi ni vya mninga wa hapa hapa Tabora. Fundi seremala alinikatia vidude 27 vilivyo sawa pande zote, nikavigundisha mpaka vikawa vipande saba: kimoja cha vidude vitatu, sita vya vinne vinne. Kazi ni kuvipanga viwe mchemraba mmoja, tatu kwa tatu kwa tatu. Aliyeubuni mchezo huu ni Piet Hein, mshairi na mbunifu wa Denmaki, miaka ya 1930, akauita Soma. Neno si letu, lakini nalipenda linavyotuita.

Kwenye kompyuta, kila chumba cha mchemraba kipewe namba, 0 hadi 26. Kuweka kipande mahali ni kuandika biti 27, yaani tarakimu za moja na sifuri: moja palipojaa, sifuri palipo wazi. Namna za kukiweka kila kipande peke yake, ukijumlisha za vyote saba, ni 688. Programu inaweka kimoja, kisha kingine. Ikikwama inang'oa cha mwisho na kujaribu pengine. Hivyo tu. Itakuletea majibu 11,520, na mengi ni yale yale yaliyogeuzwa.

Sasa tazameni kipande hiki cha T, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mchemraba una pembe nane. Kipande chenye umbo la L kinaweza kushika pembe mbili. T mbili. Vile vitano vingine, kila kimoja hakizidi pembe moja. Jumlisheni: tisa. Zinazotakiwa ni nane, kwa hiyo tunaruhusiwa kupoteza moja tu. Lakini T, nimeigeuza kila namna kwa vidole hivi, ama inalala ukingoni na kushika pembe mbili, ama haishiki hata moja. Ikitoka ukingoni tumepoteza mbili. Basi lazima ilale ukingoni!

Kingo ni 12, kila ukingo una namna mbili: 24. Na mchemraba wenyewe unageuzwa kwa namna 24, kwa hiyo zote hizo ni namna moja. Ipigilieni T mahali pamoja, programu ihangaike na sita vilivyobaki. Yanabaki majibu 480. Nusu ni taswira ya nusu nyingine kwenye kioo. Ndiyo yale 240 waliyoyapata wanahisabati John Conway na Richard Guy kwa mkono, mwaka 1961, bila kompyuta.

Haya, vipande vinaanzia safu ya mbele. Mama, pokea. Anza na T, ukingoni.