Soksi Tatu na Omena za Dunga

WAFULA: Karibuni, Wafu na Tieno tena, tuko Kisumu. Nilikuwa nimeandika mambo matatu ya kuwaachia leo, lakini Tieno umeingia kimya sana. Kuna nini?

ATIENO: Jumanne, Wafu. Yule kijana wa jirani hapo Nyalenda, mwenye hunibebea mtungi wa gesi, 19 tu. Nimempata kwa ngazi, simu ameivalisha soksi tatu, akaninong'onezea, anti, ongea polepole, wanasikiza. Mamake anasema ilianza Krismasi, wamekuwa wakizunguka kwa maombi tu.

WAFULA: Aki pole. Hapo ndio huniuma, juu vile saikosisi, yaani mtu kusikia au kuamini vitu havipo, inakaa bila dawa ndivyo kupona kunakuwa kugumu.

ATIENO: Sasa ameanzishiwa dawa. Mamake akauliza swali moja, atarudi chuo? Daktari akasema tungoje. Mimi nikafikiria mamangu akianika omena, zile dagaa za ziwa, ufuoni Dunga, asubuhi zote zinang'aa sawa, lakini yeye akiinama tu anajua hizi zitakauka vizuri, hizi zitaharibika.

WAFULA: Anajuaje?

ATIENO: Anaminya tumbo. Ikiwa laini sana anaweka kando.

WAFULA: Kwetu Busia tunangoja mpaka saa sita ndio tunachagua.

ATIENO: Saa sita nzi wamemaliza! Na mnaosha na maji moto kabla ya kukaanga?

WAFULA: Mara mbili, tena na ndimu.

ATIENO: Mara mbili mnatoa utamu wote, Wafu. Lakini ona, hata wanasayansi wanataka kuminya tumbo, wajue mapema nani atapona vipi. 2013 kitabu cha madaktari wa akili Marekani kilifuta zile aina za zamani za skizofrenia, ugonjwa wa saikosisi ya muda mrefu, ati paranoidi ya kushuku watu na nini, juu hazikuwa zinasaidia kujua mtu ataendaje. Halafu 2016 timu ya huko ikapima wagonjwa wa saikosisi, kufikiri, mwendo wa macho na mawimbi ya ubongo, wakapata vikundi vitatu, na havikufuata majina ya daktari, mwenye baipola, ule wa hisia kupanda na kushuka, na mwenye skizofrenia wakajikuta kikundi kimoja.

WAFULA: Wengi wao walikuwa wameugua miaka. Huyu wako ana miezi. Hao wa utafiti ni omena ya saa saba.

ATIENO: Basi wapime mapema, mama aambiwe.

WAFULA: Aambiwe nini? "Mtoto wako ni kikundi kibaya"? Kesho ploti nzima inajua, karo inapelekewa mdogo wake.

ATIENO: Na asipoambiwa anauza ng'ombe kwa kila mganga! Ungekuwa wewe mzazi ungetaka kujua.

WAFULA: Singetaka. Kweli Tieno, singetaka.

ATIENO: Mimi ningetaka. Hapo hatukutani.

WAFULA: Hatukutani. Na naonyeshwa dakika moja, yale mambo matatu hata hatujagusa.

ATIENO: Wacha yakae. Kesho asubuhi namsindikiza kliniki. Leo nimempitia, soksi zimebaki mbili.

WAFULA: Hiyo usiihesabu bado.

ATIENO: Nimeshahesabu.