Boti ya jeti ya mtumba: ikague hivi kabla hujatoa hela

Karibuni tena gereji, ndugu watazamaji. Tuko Majengo, Moshi. Leo nyuma yangu hakuna Noah wala bodaboda. Hii iliyokaa juu ya trela ni boti ya jeti, futi 16, injini moja ya tustroki, ya mwaka 1997. Mwenyewe anataka milioni 18. Kuna kaka mmoja wa Mwanga anaitolea macho, anataka kuzungusha wageni pale bwawa la Nyumba ya Mungu. Kaniambia, "Fundi, niangalizie injini tu." Tutaiangalia, ila injini haiko mwanzo wa foleni.

Tunaanza na maji utakayoendeshea. Boti hii haina propela. Dogo, sogeza kamera huku chini. Hapa kwenye tumbo kuna wavu wa chuma. Maji yanavutwa kupitia hapo, yanakutana na impela, ile feni unayoiona kwa ndani, kisha yanatupwa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo huu mwembamba. Huo msukumo ndio mwendo wenyewe. Bill Hamilton wa New Zealand, aliyeifanya jeti ifae kwa kazi miaka ya 1950, alikuwa anatafuta namna ya kupanda mito ya kwao yenye kina kifupi na changarawe.

Watu wakisikia kina kifupi wanafurahi. Ngoja kwanza. Boti ikishashika kasi inapita juu juu, kweli. Lakini ikiwa imesimama na wewe unawasha, inavuta kila kilicho chini yake kama mfagio wa umeme: mchanga, tope, majani. Watengenezaji wengi wanataka uwe na maji ya sentimita 60 mpaka 90 chini ya boti kabla hujawasha. Sasa fikiria kingo za Nyumba ya Mungu, matete na nyavu za wavuvi. Wavu ukijizungusha kwenye impela, kuna mtu atashuka majini na kisu, na bwawa lile lina mamba. Nimemuuliza huyo kaka nani atashuka. Kacheka, lakini hajanijibu. Na wewe mwenye ndoto za Ziwa Jipe na yale magugu yake, hapa tuagane, katafute boti ya mashine ya nyuma.

Haya, umeridhika na maji. Sasa zunguka nyuma, kona ya juu upande wa kulia. Kuna herufi na namba, jumla yake 12, zimegandamizwa kwenye bodi. Kwa boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia katikati ya miaka ya 1980, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Hapa zinasoma 97, na karatasi za forodha zinasema 97. Vizuri. Zisipolingana, au ukakuta pamekwanguliwa na kupakwa rangi, usijadili bei. Ukaguzi na usajili wa vyombo vya majini uko kwa TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, na huwezi kupakia abiria wa kulipa kwa kuonyesha risiti ya dalali.

Hatua inayofuata inataka nyundo ya plastiki na masikio. Bodi hii ni faibaglasi kwa nje, lakini kwa boti nyingi za zamani, sakafu na mihimili ya ndani ni mbao zilizofunikwa. Maji yakipenya kwenye tundu la skrubu, mbao inaoza huku juu panang'aa kama sahani ya harusi. Gonga taratibu. Hapa... ko, ko, ko. Kuzuri. Sogea karibu na kiti cha nyuma... bu, bu. Umesikia? Kanyaga kwa kisigino, panabonyea kidogo. Hapa pameoza, au faibaglasi imeachana na mbao. Sehemu inayoshika injini ikiwa hivyo, mimi naondoka. Hii iko sakafuni, inatengenezeka, lakini naiandika kwenye daftari.

Kuna ujanja mwingine. Chini ya sakafu wanajaza povu la kusaidia boti ielee. Likishiba maji halikauki kwa jua la wiki moja. Kama una mzani wa magari karibu, pima boti na trela, kisha trela peke yake, linganisha na uzito wa kitabuni. Ukishatoa mafuta na mizigo, kilo 100 za ziada ni lita 100 za maji ambazo utazibeba kila safari na kuzilipia petroli.

Tunaingia kwenye pampu, na hapa sina haraka, maana wauzaji wengi hawakutegemei ufike. Zima kila kitu, toa betri kabisa. Impela ikikatisha kidole haiombi radhi. Mulika tochi kwa nyuma. Ncha za impela zinatakiwa ziwe na ukingo safi, siyo meno ya msumeno. Hizi zimemeguka mahali pawili, mawe hayo. Kisha kuna pete inayoizunguka. Nafasi kati ya impela na pete lazima iwe nyembamba sana. Chukua filageji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, ingiza. Mimi nikiona ya nusu milimita inapita bila kulazimisha, nahesabu pete mpya. Hii inapita. Maji yakivujia pembeni, injini inapiga kelele lakini msukumo haupo, kama gari lenye klachi inayoteleza. Dereva asiyejua anasema injini imechoka, anaifungua, anatumia hela bure.

Shika shafti, itikise juu chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Pampu za aina hii zina oili ndani, fungua kifuniko uione. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, sili imepitisha maji. Yetu ni safi, namshukuru Mungu kwa niaba ya huyo kaka.

Sasa injini, na kwenye boti kadhaa za miaka ya 1990 naanza na mipira ya mafuta, hii ya kijivu. Ikizeeka kwa ndani inatoa utelezi wa kijani, unaenda kuziba vichujio vya kabureta. Injini inakosa mafuta ikiwa kwenye kasi, pistoni inashika. Mwaka juzi mimi mwenyewe nilinunua moja bila kukata mpira hata mmoja, niliambiwa imefanyiwa sevisi yote. Haikumaliza mwezi. Kata kipande, papasa kwa kidole. Ukiona kijani kama hiki, badilisha mipira yote na ufungue kabureta.

Toa plagi zote, funga geji ya kompresheni, fungua mafuta mpaka mwisho, zungusha kwa starta. Msiogopeshwe na namba za mtandaoni, nyingi ni za watu wa usawa wa bahari. Hapa Moshi tuko juu, hewa ni nyepesi, geji itasoma chini kidogo, na Arusha itasoma chini zaidi. Cha kukazania ni silinda kulingana. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, kuna tatizo. Hizi ni 132 na 128. Zinatosha.

Ukiiwasha hapa juu ya trela kwa mpira wa bomba, mpangilio ni huu: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji. Ukizima, funga maji kwanza, kisha injini sekunde chache baadaye. Ukikosea, maji yanapitia eksozi mpaka kwenye silinda. Na usiiache ikiunguruma nusu saa ili majirani wasikie.

Kuwaka juu ya trela bado siyo kuendesha. Mwambie muuzaji mwende majini, mafuta juu yako. Pandeni watu watatu, kanyaga. Inapaswa kuinuka na kwenda, siyo kulia tu. Jaribu kurudi nyuma, kile kikombe cha kugeuza maji kishuke bila kugoma. Halafu jambo linalowashtua wenye magari: ukiachia mafuta, usukani haugeuzi kitu, maana kinachogeuza ni yale maji yanayotoka. Nahodha wako akiona mtumbwi mbele na kuachia mafuta kwa hofu, ataufuata moja kwa moja. Hilo mfundishe kabla hajapakia mgeni.

Petroli nayo iwekwe mezani. Injini ya kawaida ikikanyagwa mwisho inakula karibu lita 30 kwa saa kwa kila nguvu-farasi 100, na tustroki ya kabureta inazidi hapo. Fanya hesabu ya bei ya kituo chako na nauli unayofikiria kumtoza mgeni.

Daftari langu linasema hivi: sakafu nyuma, impela na pete, mipira ya mafuta, kufungua kabureta. Vipuri vingi vitaagizwa nje. BRP, wenye jina la Sea-Doo, waliachana na boti zao za michezo mwaka 2012, na boti nyingi za rika hili utakazoziona hazitengenezwi tena, hivyo hakikisha namba ya kipuri inapatikana kabla hujalipa, siyo baada. Nimemwambia kaka wa Mwanga atoe milioni 11, tena baada ya kuijaribu majini. Muuzaji kanuna, kasema atampigia Jumamosi.

Dogo, lete turubai tuifunike. Kibosho kumeshakuwa kweusi, mvua inashuka.