Taazie na masizi: michezo ya kale ya Uajemi

Haya, wa huko nyuma mnanisikia? Poa, tuanze na jukwaa lenyewe, maana hii michezo ukiiangalia kwa jicho la bongo muvi utapotea kabisa. Taazie ni mchezo wa Muharram, kisa cha Imam Hussein na wenzake waliouawa Karbala mwaka 680, na kisa hicho hapa hata sisi tusio Mashia tunakijua. Ila Iran hawaishii kukisimulia kwenye majlisi, wanakicheza, na farasi wa kweli anaingizwa.

Sasa cheki wanavocheza. Beseni la maji liko pale, huo ndo mto Furati. Mtu akizunguka jukwaa, tayari kavuka jangwa. Upande wa Hussein wanavaa kijani na wanaimba, maadui wanavaa nyekundu na hawaimbi, wanafoka tu, kwa hiyo hata mtoto anajua nani ni nani. Ukiona mtu kavalishwa sanda, ujue hana muda mrefu. Na mwongoza mchezo, wanamwita moin-ol-boka, yumo humohumo jukwaani kati ya waigizaji, anampa huyu upanga, anamsogeza yule, anawaashiria wapiga ngoma, wala hajifichi! Alafu waigizaji wana vikaratasi mkononi wanasoma, sio kwamba hawajahifadhi, wengi wamehifadhi toka utotoni, ila anayecheza Hussein hataki mtu adhani anajifanya Imam, na anayecheza Shimr, muuaji mwenyewe, ndo hataki kabisa. Shimr anatoa vitisho huku machozi yanamtoka, analia pamoja na haohao waliokuja kumlaani. Mimi hapo huwa navua kofia.

Karne ya 19 mfalme Naser al-Din Shah akaijengea ukumbi mkubwa wa duara pale Tehran, Takyeh Dowlat. Miaka ya 1930 serikali ya Reza Shah ikaibana, ikabaki zaidi vijijini, na ukumbi baadae ukavunjwa. Mwaka 2010 UNESCO wakaiingiza kwenye orodha yao ya urithi.

Tuje kwenye kicheko, mchezo wa pili huu, wa kuchekesha. Kwenye harusi za zamani walikuwa wanafunika hodhi la uani kwa mbao, juu yake ndo jukwaa, na skripti hakuna, wanajua tu kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kuna tajiri bahili, na kuna mtumishi wake, siyah, yaani mweusi, kapakwa masizi usoni, Kiajemi chake kimevunjikavunjika, akitumwa hiki anasikia kile, na katika kujifanya mjinga anamwambia bosi maneno ambayo mgeni yeyote pale uani asingethubutu.

Sasa yale masizi yanatuhusu. Watu wa pwani yetu hii walibebwa kwa majahazi mpaka Ghuba na Iran kama watumwa, sheria ya kufuta utumwa kule ilipitishwa 1929, na wajukuu zao wapo mpaka leo Bushehr na Hormozgan. Wapo Wairani wanaosema ni rangi ya mchekeshaji tu, wengine, wakiwemo Wairani weusi, wanasema inawadhalilisha, iachwe. Mimi niko na hao wa pili, japo nakubali siyah ndo mwenye akili kuliko wote pale jukwaani. Ule ujanja wake wote unachezeka bila masizi, sioni kinachopungua.

Maswali karibuni, ila lile la kama taazie inafaa kisheria tuwaachie mashekhe, mimi ni mtu wa michezo tu.