Uko Wapi? Maradhi ya Kizazi, Ujauzito na Kujifungua

Asanteni kwa kufika. Kina baba mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele. Siku mkeo atakapokimbizwa hospitali usiku hali yake mbaya, wewe ndiye utakayeulizwa maswali.

Mama mmoja alikuja kwangu akiwa na mimba ya wiki 11, ameshika majibu ya ultrasaundi kama hati ya hukumu. Yameandikwa mtoto yuko vizuri, moyo unapiga, na kizazi kina fibroidi mbili. Habari za mtoto hakuzisoma. Alisoma neno fibroidi, usingizi ukamruka siku tatu. Nikamuuliza, "Ziko wapi?" Akabaki kunitazama, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hilo ndilo swali lenyewe.

Kwa hiyo leo nitalishikilia hilo. Jina la ugonjwa hukuambia machache. Mahali ulipo, ukubwa wake, na jinsi ulivyotibiwa zamani, hayo ndiyo yanayoamua utakavyobeba mimba na utakavyojifungua.

Fibroidi ni uvimbe unaoota kwenye misuli ya kizazi, na si saratani. Wanawake wengi huwa nazo kabla ya kufika miaka 50, na wengi wao hawajui. Ile iliyoota kwa nje, ikaelekea tumboni, kwa kawaida haina ugomvi na mtoto. Iliyo katikati ya ukuta inategemea ukubwa. Korofi hasa ni ile iliyochomoza kwa ndani, kwenye chumba anamokaa mtoto: hata ikiwa ndogo inaweza kuizuia mimba isijishike, au ikaifanya itoke. Halafu kuna iliyokaa chini, karibu na shingo ya kizazi. Hiyo ikiwa kubwa huziba njia, mtoto akakosa nafasi ya kushusha kichwa, akatanguliza matako au akalala mkingamo. Na kondo la nyuma likijishika juu ya fibroidi kubwa, uwezekano wa kubanduka kabla ya wakati huongezeka.

Nasikia watu wakisema uvimbe "unamla mtoto". Haumli. Fibroidi nyingi hazikui sana wakati wa ujauzito, zinazokua hukua zaidi miezi mitatu ya kwanza, na baada ya kujifungua nyingi husinyaa. Lakini zinaweza kuuma. Fibroidi ikikosa damu ya kuitosha, sehemu yake hufa, na mama hupata maumivu makali mahali pamoja, pengine na homa kidogo, akadhani mimba inatoka. Mara nyingi tiba ni mapumziko, maji ya kutosha na parasetamoli, baada ya daktari kuhakikisha si kitu kingine. Usijinunulie ibuprofeni wala diklofenaki. Kuanzia wiki 20 dawa hizo zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji anamoelea, na mimba ikishakuwa kubwa zinaweza kuubana mshipa muhimu ulio karibu na moyo wake.

Mwaniuliza: kwa nini tusiikate tu wakati wa ujauzito? Kwa sababu kizazi chenye mimba kimejaa damu. Hata tukiwa tayari tumefungua tumbo kumtoa mtoto, fibroidi nyingi tunazipita bila kuzigusa. Na baada ya mtoto kutoka, kizazi hutakiwa kukaza kama ngumi ili mishipa ijibane. Fibroidi kubwa huizuia ngumi hiyo isifumbe, damu ikaendelea kutoka. Mwenye fibroidi kubwa asizalie nyumbani, hata kama watoto watatu wa kwanza walitoka salama hukohuko.

Sasa makovu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wanawake wanapoingia kwenye uchungu bila habari muhimu kuliko zote. Umewahi kutolewa fibroidi? Basi kizazi chako kina kovu. Kama mkato ulipita unene wote wa ukuta, au zilitolewa nyingi, kovu hilo linaweza kufumuka wakati wa uchungu. Mama wa namna hiyo kwa kawaida hupangiwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Mwenzake aliyetolewa moja iliyokuwa ikining'inia nje anaweza kabisa kujadiliana na daktari kuhusu kuzaa kwa njia ya kawaida. Utajijuaje uko upande gani? Ukijitazama kwenye kioo hutajua, kwa sababu kovu la ngozi halisemi lolote kuhusu la ndani. Inayosema ni ripoti ya upasuaji. Iombe siku unapotoka wodini, ipige picha, mpe na mumeo nakala. Nimewahi kumpokea mama mwenye uchungu ambaye alichojua ni "walinitoa uvimbe", basi. Ilibidi tuamue gizani.

Shingo ya kizazi nayo ni hivyohivyo. Kuna waliokutwa na mabadiliko ya awali kabla hayajawa saratani, wakakatwa kipande. Kadiri kipande kilivyokuwa kirefu, ndivyo uwezekano wa kujifungua njiti unavyopanda. Usijute, maana tiba ile ilikuepusha na kubaya zaidi. Ila liseme mahudhurio ya kwanza kliniki, ili urefu wa shingo upimwe kwa ultrasaundi kati ya wiki 16 na 24. Ikionekana fupi, kuna dawa ya projesteroni, homoni inayosaidia kuishikilia mimba, na kwa wengine kuna kushonwa uzi kwenye shingo hiyo. Mshono huo si jambo geni: daktari Shirodkar wa India aliueleza mwaka 1955, na daktari McDonald wa Australia akaleta njia nyepesi zaidi mwaka 1957. Uzi kwa kawaida hutolewa wiki ya 36 au 37. Uchungu ukianza mapema nao bado uko ndani, kimbia hospitali.

Uvimbe wa maji kwenye ovari nitaupita haraka. Ule mdogo wa wiki za mwanzo mara nyingi ni pale yai lilipotokea, na ndio unaotengeneza homoni inayoishikilia mimba mpaka kondo lichukue kazi. Wengi huisha wenyewe. Wa kuogopa ni mkubwa unaojisokota: maumivu ya ghafla upande mmoja, pamoja na kutapika. Hayo hayasubiri asubuhi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao swali langu la "uko wapi" haliufai, kwa sababu unahusu mwili mzima: ule wa homoni unaoitwa ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wa umri wa kuzaa wanao, na wengi hawajijui. Hedhi yao haitabiriki, wakaamini hawawezi kushika mimba, kumbe wanashika na kugundua wakiwa miezi minne. Tarehe za kukisia hapo hazitusaidii, kapime ultrasaundi mapema. Pia wako karibu zaidi na kisukari cha mimba na shinikizo la damu. Kipimo cha sukari hufanywa kwa kawaida wiki 24 hadi 28, lakini wao waombe kianze mahudhurio ya kwanza.

Wenye endometriosisi, yaani nyama kama ya utando wa ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi, huambiwa, "Zaa, utapona." Ushauri huu unaniudhi. Maumivu yanaweza kupungua kwa kuwa hedhi imesimama, kisha yakarudi. Na katika ujauzito wao kondo huwa na tabia ya kukaa chini, likafunika mlango. Ukitoka damu bila maumivu mimba ikiwa kubwa, usikubali kupimwa kwa vidole kabla ultrasaundi haijaonyesha kondo limekaa wapi.

Mwisho, maambukizi. Ute kuongezeka wakati wa ujauzito ni kawaida. Harufu kama ya samaki, muwasho au rangi ya kijani si kawaida. Fangasi hutibiwa kwa dawa ya kupaka au kuweka ukeni kwa siku 7, si kwa vidonge vya flukonazo ulivyobakiza mwaka jana. Na msijisafishe kwa ndani. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, huacha makovu kwenye mirija ya uzazi, na hapo mimba hunasa: zaidi ya asilimia 90 ya mimba zinazotunga nje ya kizazi hunasa kwenye mirija. Ukichelewa kupata hedhi, kisha ukapata maumivu upande mmoja, damu kidogo, kizunguzungu au maumivu ya bega, nenda hospitali saa ileile. Na kina baba, klamidia hutibiwa wawili. Mkeo akimeza dawa peke yake, utamrudishia.

Yule mama wa karatasi? Fibroidi moja ilikuwa juu, kwa nje. Ya pili nyuma, mbali na kondo. Alijifungua kwa njia ya kawaida, damu ya kumwongezea ikiwa tayari kwenye friji, na haikuhitajika.

Haya, dada wa kitambaa cha kijani, mkono wako nimeuona tangu zamani. Uliza.